Saa tisa za Mombasa: Kwa nini historia ya Thika na Ruiru huwapita watalii wa meli

Kati ya Novemba na Aprili, meli za kitalii hutia nanga katika bandari ya Mombasa zikiwa na mamia ya wageni, wengi wao wazee wastaafu kutoka Ulaya na Marekani. Hushuka asubuhi, hupanda mabasi yanayowangoja nje ya gati, na kabla ya jua kutua huwa wamekwisha kurudi melini.

Katika muda huo mfupi huonyeshwa ngome ya Fort Jesus, vichochoro vya Mji wa Kale na, kwa wanaopenda wanyama, bustani ya Haller iliyoko Bamburi. Meli ikilala bandarini, baadhi yao hupelekwa hadi Tsavo.

Ni nadra mno kwa Thika au Ruiru kutajwa katika orodha ya ziara hizo. Hata hivyo, miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu, pamoja na viunga vyake, imehifadhi kumbukumbu nyingi za watu waliofika nchini kwa meli, wakashuka Mombasa na kupanda bara.

Je, kinachoiweka kando miji hii ni umbali, ni uhaba wa historia, au ni namna historia yenyewe inavyotunzwa?

Umbali ni kikwazo cha kweli kwa mgeni wa meli. Lakini haukuanzisha uchafu wa mito wala kuyaacha makaburi na miti ya kihistoria bila maelezo. Mgeni wa siku moja ambaye Thika na Ruiru zinaweza kumpata kwa urahisi hatoki baharini. Anatoka Nairobi, kilomita 40 hivi kutoka Thika.

Biashara ya saa

Ili kuelewa jambo hili, ni muhimu kwanza kufahamu jinsi safari za meli za kitalii zinavyoendeshwa.

Abiria hulipia chumba, chakula na usafiri wa bandari hadi bandari. Ziara za nchi kavu huuzwa kando. Kampuni ya meli huingia mkataba na mawakala wa utalii wa nchi husika, kisha huwauzia abiria ziara hizo, mara nyingi miezi kadhaa kabla ya meli kufika.

Kwa hivyo sehemu ya fedha hubakia melini, nyingine humwendea wakala, na kinachomfikia mwenyeji ni ada ya kiingilio, ujira wa dereva na mwongozaji, bei ya chakula cha mchana na mauzo ya vinyago.

Kuna kanuni moja ambayo abiria huikariri tangu siku ya kwanza. Aliyenunua ziara ya meli hungojwa basi likichelewa. Aliyejitafutia gari mwenyewe akachelewa huachwa, na hulazimika kuifuata meli hadi bandari inayofuata kwa gharama yake.

Kanuni hiyo ndiyo inayoamua ni mahali gani patakapoonekana. Meli ikifunga gati saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, abiria ana saa tisa pekee. Ukiondoa muda wa kushuka, kukaguliwa na kurudi mapema, hubaki saa sita au saba.

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza safari mwaka wa 2017, huchukua takriban saa tano kutoka Mombasa hadi Nairobi. Kwenda na kurudi ni saa kumi, kabla ya mgeni kukanyaga Thika. Ndege huchukua chini ya saa moja angani, lakini ukiongeza msongamano wa magari Mombasa, ukaguzi wa viwanja viwili na mwendo wa barabarani kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, mgeni hubakiwa na muda wa kunywa kikombe cha kahawa ya Ruiru na kugeuza.

Ni hesabu hiyo inayoifanya Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kuwa na bahati ambayo maeneo ya bara hayana. Ngome hiyo imo ndani ya kisiwa kile kile cha bandari.

Mfano wa mashariki ya mbali

Hata hivyo, kuna mahali ambapo umbali haukuzuia mambo. Mfano ulio wazi zaidi ni Asia Mashariki, ambako majira ya machipuko, yaani Machi hadi Mei, ndiyo msimu mkuu wa safari za meli zinazozuru maeneo ya kale. Majira hayo, ambayo huko Japani ni ya maua ya micheri, ndiyo masika hapa kwetu.

Baadhi ya bandari za huko zina bahati kama ya Mombasa. Nagasaki nchini Japani ni mojawapo. Meli hufunga karibu kabisa na mji, na abiria anaweza kutembea hadi Dejima, mahali ambapo wafanyabiashara wa Kiholanzi waliruhusiwa kuishi enzi ambazo Japani ilikuwa imewafungia mlango karibu Wazungu wote.

Nyingine hazina bahati hiyo. Mji wa Kyoto, uliokuwa makao ya wafalme wa Japani kuanzia mwaka wa 794 hadi karne ya 19, hauna bahari. Wageni wake wa meli hushukia Osaka au Kobe. Jumba la Gyeongbokgung la Seoul, lililojengwa mwaka wa 1395, hufikiwa kupitia bandari ya Incheon. Nako Beijing kuko zaidi ya kilomita 150 kutoka gati la Tianjin, na bado abiria huamka alfajiri ili wakaone jumba la wafalme na Ukuta Mkuu wa China.

Pale ambapo siku moja haitoshi, makampuni hutumia mbinu nyingine. Abiria hushuka katika bandari moja, huzuru bara kwa siku kadhaa, kisha huiwahi meli katika bandari nyingine. Wako wanaoiacha meli Tianjin, wakapitia Beijing na Xi'an, na kuipanda tena Shanghai.

Mbinu hiyo inawezekana hapa pia. Meli inayotoka Mombasa mara nyingi huelekea Zanzibar au Dar es Salaam, miji inayofikika kwa ndege kutoka Nairobi. Mgeni anaweza kupanda treni Mombasa, akalala bara usiku mmoja au miwili, kisha akaifuata meli yake kwa ndege.

Isitoshe, kituo cha treni hiyo kiko Syokimau, na kutoka upande huo barabara ya Eastern Bypass humfikisha mtu Ruiru, hadi Kamakis panaposifika kwa nyama choma, bila kupita katikati ya Nairobi. Kutoka Ruiru, Barabara Kuu ya Thika, iliyojengwa na kampuni tatu za Kichina na kufunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, humalizia safari.

Kwa hivyo njia ipo. Linalobaki ni kujua mgeni akifika ataona nini.

Machipuko ya 1909

Safari ya baharini iliyoyatangaza maeneo haya duniani kuliko nyingine zote ilianza katika majira hayo hayo ya machipuko. Mnamo Machi 23, 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka Ikulu ya Marekani wiki tatu tu kabla, alipanda meli New York pamoja na mwanawe Kermit. Alibadilisha meli Naples, Italia, na kuwasili Mombasa Aprili 21.

Kutoka hapo alipanda reli hadi nyanda za Kapiti, na baadaye akafikia Juja Farm, shamba la Mmarekani mwenzake William Northrup McMillan lililokuwa karibu na mlima Ol Donyo Sabuk. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1910, African Game Trails, shamba hilo lina sura yake. Mji wa Juja, ulio kati ya Ruiru na Thika, umebaki na jina hilo.

Miaka miwili kabla yake, Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni wa Uingereza, naye alishuka Mombasa na kupiga kambi Thika. Safari hiyo aliisimulia katika kitabu cha 1908, My African Journey.

Wageni hao hawakuhesabu saa. Safari ya Roosevelt ilichukua karibu mwezi mzima kufika, na alikaa nchini kwa miezi kadhaa akiwinda wanyama kwa ajili ya makavazi ya Smithsonian. Leo uwindaji kama huo umepigwa marufuku nchini, na sehemu kubwa ya nyanda alizozipita kwa farasi imekuwa mitaa ya makazi.

Kilichopo Thika

Ndani ya mji wa Thika, kumbukumbu kongwe inayojulikana zaidi kwa wageni ni hoteli ya Blue Posts, iliyoanza mwaka wa 1908. Hoteli hiyo iko kati ya mito miwili, Chania na Thika, na mgeni aliyeketi bustanini anaweza kuyatembelea maporomoko ya mito yote miwili bila kuhitaji gari.

Mwaka wa 1913 reli ya kutoka Nairobi kupitia Ruiru ilifika Thika, na mji ukaanza kukua kama soko la mkonge, kahawa na baadaye mananasi. Maisha ya walowezi wa wakati huo ndiyo aliyoyaandika Elspeth Huxley katika The Flame Trees of Thika, kitabu kilichotoka mwaka wa 1959 na kutengenezewa mfululizo wa televisheni mwaka wa 1981. Wageni wengi wa Kiingereza waliosikia jina la Thika walilisikia humo.

Lakini historia ya Thika haikuanza na walowezi. Katika bustani ya Mugumo, wenyeji hukumbuka utabiri wa Mugo wa Kibiru, ambaye wengine humwita Chege wa Kibiru. Inasimuliwa kwamba mtabiri huyo wa Wakikuyu aliona kabla ya wakati ujio wa wageni wa rangi tofauti na nyoka wa chuma atakayetambaa kutoka maji makuu ya mashariki hadi ya magharibi. Nyoka huyo baadaye alitambuliwa kuwa ni reli.

Masimulizi hayo yanaongeza kwamba mti mkubwa wa mugumo uliokuwa Thika ungeanguka siku utawala wa wageni ungekoma, na kwamba wakoloni waliuzungushia chuma ili usianguke. Mti huo ulianguka mwaka wa 1963, mwaka ambao Kenya ilijinyakulia uhuru.

Simulizi hii ina uzito ambao hoteli na mashamba hayana. Inamwezesha mgeni kuitazama reli ile ile iliyomleta Roosevelt kwa macho ya mtu aliyekuwa ameketi chini ya mti, akiiona ikija.

Nje ya mji, kuelekea mashariki, kuna maporomoko ya Fourteen Falls kwenye Mto Athi, na karibu yake mlima Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji huuita Kilimambogo. Mlima huo una urefu wa mita 2,145 na umekuwa mbuga ya kitaifa tangu 1967. Ubavuni mwake ndipo alipozikwa McMillan, aliyefariki 1925. Jina lake lingali kwenye maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa 1931.

Kilichopo Ruiru

Ruiru haina maporomoko ya kupigia picha, lakini ina historia ya aina nyingine, ile ya kazi na sayansi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mto wake ulitumiwa kuzalisha umeme wa kuwashia taa Nairobi, na bwawa lililojengwa baadaye kwenye mto huo limelinywesha jiji kwa miongo mingi.

Muhimu zaidi ni kahawa. Kituo cha utafiti wa zao hilo kilichoko Ruiru ndicho kilichotoa mwaka wa 1985 aina ya mbegu iitwayo Ruiru 11. Mbegu hiyo ilizalishwa ili ihimili ugonjwa wa chulebuni, unaooza tunda likiwa bichi, pamoja na kutu ya majani. Mkulima aliyelazimika kunyunyizia dawa mara nyingi kwa mwaka alipata nafuu ya gharama.

Mgeni anayekunywa kahawa ya Kenya melini huenda hajui kwamba jina la Ruiru limo katika ukoo wa mbegu zake. Katika nchi nyingine, habari kama hiyo ingetosha kujaza basi.

Hatari inayokaribia

Tatizo ni kwamba mengi ya haya yanaweza kutoweka kabla ya mgeni yeyote kuja. Sensa ya mwaka wa 2019 iliikuta Ruiru ikiwa na watu 490,120 na Thika 251,407. Mashamba ya kahawa yaliyozunguka Ruiru yamekuwa yakigawanywa kuwa viwanja, na mji mpya wa Tatu City unajengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya zao hilo.

Watu wanahitaji nyumba na ajira, na hakuna anayeweza kudai kwamba kila shamba liachwe kama lilivyokuwa ili watalii wapate kuliona. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kujenga na kufuta. Nyumba moja ya kukaushia kahawa, kituo kimoja cha reli au ekari chache za mibuni zikihifadhiwa, mtaa mzima huweza kuzaliwa kando yake bila kupoteza kumbukumbu.

Hali ya Fourteen Falls ni mbaya zaidi. Mto Nairobi huungana na Athi juu ya maporomoko hayo, kwa hivyo majitaka na taka za plastiki za jiji huishia hapo. Povu na harufu hiyo haviwezi kuondolewa na mwongozaji watalii, hata awe mwerevu vipi. Wanaoathirika kwanza si watalii bali wakazi wa mabondeni wanaotegemea mto huo kwa kunywesha mifugo na kunyunyizia mboga.

Kuna pia suala la mipaka. Mji wa Thika uko Kiambu, ilhali Ol Donyo Sabuk uko Machakos na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Maporomoko yako mpakani mwa kaunti hizo mbili. Katiba ya 2010 inazipa kaunti jukumu la utalii wa mashinani, lakini mgeni wa siku moja hajui mpaka. Kwake yeye hiyo ni ziara moja, na inahitaji ramani moja, tiketi zinazoeleweka na waongozaji waliofunzwa kusimulia yote.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inaruhusu mahali penye thamani ya kihistoria pawekwe chini ya ulinzi wa serikali. Chombo kipo. Kinachohitajika ni mtu wa kukitumia kabla ya tingatinga kufika.

Meli si tegemeo la pekee

Wapo watakaosema kwamba Thika ikitaka utalii ianze kwa kuzibembeleza kampuni za meli. Historia ya karibuni inaonyesha hatari ya kuweka mayai yote katika kapu hilo.

Mnamo Novemba 2005 meli ya Seabourn Spirit, iliyokuwa ikija Mombasa, ilishambuliwa na maharamia katika pwani ya Somalia. Aprili 2009 meli ya MSC Melody ilishambuliwa karibu na Ushelisheli. Kampuni nyingi zikaukwepa ukanda huu, na Mombasa ikakaa misimu kadhaa na meli chache.

Mambo yalipoanza kutengemaa, ugonjwa wa Covid-19 ulisimamisha safari hizo kote duniani mwaka wa 2020. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni kadhaa kubadilisha njia, na ni kupitia Shamu ndiko meli za kitalii hurudi Ulaya kila Machi na Aprili.

Katika misukosuko hiyo yote, mkazi wa Nairobi hakuacha kutafuta mahali pa kupeleka watoto wake Jumapili. Basi la shule halikukwama kwa sababu ya maharamia.

Asia Mashariki inatoa funzo hapa pia. Jumba la Shuri la Okinawa lilipoteketea Oktoba 2019, wakuu wa huko hawakuzungushia mabati na kuwafukuza watu. Kazi ya kulijenga upya iliachwa wazi ili wenyeji na wageni waitazame. Kyoto nayo, kwa upande mwingine, mwaka wa 2024 ililazimika kuwazuia watalii kuingia katika baadhi ya vichochoro vya mtaa wa Gion, kwa kuwa wingi wao ulikuwa umewasumbua wakazi.

Mambo hayo mawili yanaelekeza mahali pamoja. Turathi hudumu pale ambapo mwenyeji ndiye mgeni wa kwanza na ndiye mlinzi wa kwanza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Thika na Ruiru, kuna hatua zisizohitaji kungojea meli yoyote: ubao wa maelezo penye mugumo, siku za wazi katika kituo cha kahawa, makubaliano kati ya Kiambu na Machakos kuhusu Fourteen Falls, na shinikizo kwa Nairobi isafishe majitaka yake kabla ya kuyaachilia mtoni.

Hayo yakifanyika, mtoto wa Ruiru atajua kwa nini mbegu ya kahawa ina jina la mji wake. Na iwapo siku moja abiria ataiacha meli Mombasa na kuwa na siku mbili za ziada, atakuta maji yanayoweza kutazamwa bila kuziba pua, na mtu wa kumsimulia yaliyotokea hapo.